iPhone ya Joviale Ilivyofika Cimpunda

Sehemu ya saba

Kwanza nimjibu yule msomaji wa Bagira aliyeandika kuuliza kama mimi nina akili. Papa, nilikuwa nazo. Soma mpaka chini utaona ni siku gani ziliniacha.

Kwa aliyechelewa: naitwa Akonkwa, nina diplome ya chuo kikuu, na nilikuwa sina kazi. Mchumba wangu ni Joviale wa Muhumba. Miezi mitano iliyopita alinipa iPhone. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa iPhone, imetumwa na mjomba wake, tonton Jean-de-Dieu, kutoka Ubelgiji. Alinipa kwa masharti mawili. La kwanza, Tecno yangu ya SIM mbili niiache. La pili, iPhone imwonyeshe kila saa niko wapi.

Msimhukumu. Kabla yangu alichumbiwa na kijana mmoja, Dany, mwenye simu ya SIM mbili, na kila SIM ilikuwa na mchumba wake. Joviale alikuwa wa SIM ya pili.

"Mwanaume wa SIM moja iko na roho moja," aliniambia.

Nikatoa SIM moja. Niliyoitoa ilikuwa ya mtandao wa maman.

Maman Domitille, mama yangu mzazi, anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, soko la Kadutu. Kila asubuhi hununua forfait, dakika za kupiga ndani ya mtandao wake tu, na forfait hiyo ni ya kumpigia mtu mmoja. Miaka sita alinipigia saa sita kamili kuniuliza kama nimekula. Siku niliyohamia iPhone, simu ya saa sita ikanyamaza. Nikampa ile Tecno iwe zawadi. Alisema koko, asante ya kwetu, akaifunga kwenye ncha ya kikwembe alichojifunga, hakuniuliza neno. Mimi nikaona amefurahi.

Wiki jana mliniacha mbele ya Madame Gisèle, chef wa kazi niliyopata: siku sita za kupita nyumba kwa nyumba Bagira, kuuliza watu wanakunywa maji ya wapi. Alikuwa ameshika iPhone yangu kwa vidole viwili.

"Hii haitaweza," alisema. "Application yetu inaingia mu Android tu. Uko na Android?"

"Niko nayo."

"Basi Jumatatu saa moja ya asubuhi. Kama hauko nayo, ku liste kuko batu makumi ine banangoja."

Sasa mjue kilichokuwa kinaning'inia hapo. Jumamosi ya wiki hiyo ya kazi, saa nane mchana, nilikuwa natarajiwa Muhumba, kwa Papa Constantin, baba yake Joviale, kwa présentation, kujitambulisha kama mchumba. Papa Constantin alishasema mara mbili kwamba binti yake hatoki nyumbani kwenda kwa mwanaume anayekaa tu. Bila kazi, hakuna Jumamosi. Bila Android, hakuna kazi.

Ningeweza kumwambia Joviale: nahitaji Android kwa siku sita. Ni maneno matano. Badala yake nilimwambia ofisi imetupa tablette.

Jioni ya Jumapili nikamwendea maman jikoni.

"Maman, tubadilishe simu. Siku sita tu."

Aliipokea iPhone, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"SIM zangu zitaingia?"

"Itaingia moja."

"Moja?" Akaitazama tena. "Kumbe ni yeye huyu."

"Yeye nani, maman?"

"Mwenye alikukamata."

Nikaweka SIM yake humo, na kwenye Tecno nikaweka zangu zote mbili, hata ile iliyolala kwenye droo miezi mitano. Niliamini nimepanga kila kitu. Nilisahau kazi moja tu ya ile iPhone: ilikuwa bado inamwonyesha Joviale niko wapi.

Jumatatu saa sita kamili, nikiwa Bagira kwenye uwanja wa mzee mmoja, Tecno ikalia.

"Umekula?"

"Nimekula, maman."

Sikuwa nimekula. Lakini roho ilinitulia, sijui niseme nini zaidi. Nilirudi kwa yule mzee nikamuuliza maswali ya maji mara mbili, naye akajibu mara mbili, mara ya pili tofauti.

Kufika Jumatano maman alikuwa amehama chama. Soko la sambaza lilikuwa limegawanyika pande mbili. Upande mmoja ulikuwa wa SIM mbili, torche na betri ya siku tatu. Upande wa pili, wa iPhone, ulikuwa maman peke yake, na alikuwa anashinda.

"Haikusumbui?" nilimuuliza.

"Inisumbue nini? Niliwapigia picha sambaza zangu, zinaonekana mpaka macho. Maman Séraphine anatumia wateja wake picha yenye giza, mutu hajue ni samaki ao ni majani ya chai."

"Jumamosi utanirudishia."

"Jumamosi iko mbali," alisema.

Simu yenyewe ilikuwa imeshaanza kunuka sambaza. Niliamua nitaifuta na limau.

Alhamisi jioni Joviale akapiga.

"Uko wapi?"

"Bagira, bloc D."

"Bagira."

"Ndiyo, Bagira."

"Sawa. Kazi njema."

Nikafikiri ni mapenzi.

Ijumaa saa kumi na robo nilikuwa kwa mama mmoja, fomu ya mwisho ya siku, tumefika swali la kumi na mbili, kama anachemsha maji. Tecno ikalia. Joviale.

"Niko ku soko ya Kadutu," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na hiyo ndiyo inaniogopeshaga. "Nakutazama hapa mu simu. Uko ku mètres kumi na mimi. Inua mukono."

Niliinua mkono. Niko Bagira, kilima kingine kabisa, nimeinua mkono. Yule mama wa maji akaniuliza kama niko na swali.

"Sikuone," alisema Joviale. "Ah, sasa unatembea. Unapanda. Unaenda Cimpunda, kama kila siku."

"Kama kila siku?"

"Akonkwa, siku ya tano hii. Unaniambia Bagira, simu inaniambia Kadutu. Ikipita saa kumi unapanda Cimpunda, unaingia mu nyumba moja, unakaa saa moja na nusu. Ni nani anaishi mule? Nitajie jina tu. Sitalia. Kwa Dany nilishalia yote."

Hapo niliogopa kweli. Nikamwambia kila kitu, mbele ya yule mama wa maji, ambaye aliweka kitambaa chini akakaa vizuri asikie: Android, Madame Gisèle, tablette ambayo haikuwepo, maman na sambaza.

Joviale akacheka. Wiki nzima sikuwa nimesikia kicheko chake.

"Kwa hiyo mutu mwenye ninafuata ni maman yako?"

"Ni maman."

"Na Cimpunda ni kwa nani?"

"Anaendaka ku shirika, ile ya bakristo ba mutaa. Ku sala."

"Sala ya kila siku? Na nyinyi munakaa Nyamugo, shirika ya Cimpunda inamuhusu nini?"

Nikaanza kuhesabu siku za sala kwa vidole. Yule mama wa maji naye alikuwa anahesabu, nilimwona.

"Panda moto, ukuye," alisema Joviale. "Nakungoja ku mwanzo ya njia."

Niliposhuka kwenye pikipiki nilimkuta amesimama kando ya maduka ya vocha, viatu vimejaa vumbi. Alinitazama juu mpaka chini.

"Ungeniambia tu," alisema. "Niko na Samsung mu armoire. Nzima, na chargeur yake. Ungefanya nayo kazi mwezi muzima."

Nikaomba msamaha. Niliomba vibaya, nikirudia maneno, lakini nilikuwa namaanisha.

"Nisikie vizuri," alisema. "Uongo ya simu nimesamehe. Kesho tunaenda kwa papa. Lakini hii njo ya mwisho. Siku nyingine ukipata fasi ya kusema kweli, sema, hata kuwe mbele ya nani. Miye siwezi kuolewa na mutu mwenye nitakuwa namufuata ku simu mpaka uzee."

"Nitasema," nilimwambia.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika chache. Nawaomba muikumbuke hiyo saa, maana ahadi yangu haikumaliza nusu saa.

Tukapanda kile kinjia, Joviale mbele, simu yake mkononi, mimi nyuma nimeshika mkono wa begi lake. Nyumba ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya kijani, pazia jipya mlangoni. Ndani watu wanaongea kwa furaha. Joviale akapiga hodi.

"Karibu!" sauti ya mwanamke ikaitika.

Tukaingia.

Maman alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, amevaa kikwembe cha Pasaka. Kando yake mama mwenye nyumba, mnene, mcheshi, baadaye nikajua anaitwa Maman Eulalie, naye mzaliwa wa Walungu kama maman. Tonton wawili wa makamo kwenye benchi. Binti mmoja kwenye mkeka, macho chini. Katikati ya nyumba, juu ya kimeza chenye kitambaa, bidon ya njano ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kikombe kimoja.

Huku kwetu hakuna mtu mzima anayehitaji kuelezwa. Watu wa mvulana wakileta kasiksi nyumbani kwa watu wa msichana, hawakuja kusali.

Maman alikuwa ameinua iPhone, anawaonyesha picha. Nikaiona kutoka mlangoni. Nilikuwa mimi, kando ya ziwa, siku ya anniversaire ya kuzaliwa kwa Joviale. Katika picha ile tulikuwa wawili tumekumbatiana. Upande wa pili maman alikuwa ameweka kidole gumba, kikubwa, kimetulia, kimefunika mtu mzima.

Aliniona. Akamwona Joviale nyuma yangu. Sura yake haikubadilika hata kidogo. Mwanamke aliyeuza samaki miaka thelathini huwezi kumsoma usoni.

"Ah!" alisema. "Mwenyewe amefika."

Maman Eulalie akasimama akipiga makofi.

"Karibu, mutoto wetu! Wiki tatu tunasikia habari zako, na siku hizi tunakuona mu picha. Kumbe unashinda hata picha." Kisha akamgeukia Joviale kwa tabasamu. "Na huyu mrembo ni nani?"

Hapa ndipo. Fasi ilikuwa mbele yangu, kubwa kama mlango. Nyumba nzima ilikuwa inaningoja nifungue mdomo. Nikamtazama maman. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kidole gumba bado kimebana ile picha.

"Ni dada yake," alisema maman. "Mutoto ya shangazi yake. Alimusindikiza."

Joviale hakumtazama maman. Alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu na kumaliza.

Nikasema, "Habari za hapa."

"Nzuri, nzuri!" alisema Maman Eulalie. "Dada, kaa hapa karibu yangu."

Joviale akakaa. Nami nikakaa kando ya maman, kwa sababu ndiko kulikokuwa na kiti.

Maman Eulalie akatutambulisha kwa binti. Aliitwa Charlène, amemaliza humanités, sekondari yetu, anashona, anaimba kwenye chorale. Halafu akataja sifa ambayo, nilivyoona, ndiyo iliyotangulia zote.

"Na iko na Tecno ya SIM mbili," alisema. "Réseau ya Maman Domitille iko mule. Mukwe wake akimupigia saa yoyote, anaitika."

Tonton wote wawili wakatikisa kichwa kukubali.

Nikamwinamia maman. "Maman, umefanya nini?"

Alijibu polepole, bila kunitazama, midomo haifunguki vizuri.

"Miezi mitano sikusikia sauti yako saa sita. Tunalala nyumba moja, sawa, lakini ile ya saa sita ilikuwa yangu. Ulikata mama yako ndani ya simu juu mutoto ya Muhumba alisema. Nilitafuta bibi mwenye ataniitika. Nilifanya mubaya?"

Wasomaji, niwaambie nini? Nilikuwa na hasira naye, nikamhurumia, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Tonton mkubwa akakohoa.

"Bon," alisema. "Bidon ya kwanza tulishakunywa. Hii ya pili ni ya upande wa kijana kusema. Papa yake, Mungu amurehemu, hayuko. Lakini dada yake yuko, na dada anasemaka. Dada, tunakusikia."

Joviale akasimama.

"Mbele ya kusema," alisema kwa heshima zote, "maman, nipe simu kidogo. Ile picha sikuiona vizuri."

Maman angefanya nini? Watu wanatazama. Akatoa kidole, akampa. Kioo kilikuwa kimeshazima. Joviale akabonyeza code bila kuuliza mtu, namba sita, haraka.

"Yoo!" alisema Maman Eulalie. "Unajua code ya kaka yako?"

"Ni tarehe yenye nilizaliwa."

"Mama wee! Kaka anakupenda vraiment."

"Alinipenda," alisema Joviale.

Akaitazama ile picha. Hakuna aliyeiona isipokuwa yeye. Akaitazama mpaka tonton mdogo akabadilisha mguu. Kisha akainua kichwa, na nikaona macho yake yamekauka kabisa. Alikuwa ameniambia hatalia.

"Bazazi wangu," alisema, "miye nilipanda huku nikiwa na wasiwasi. Nilitaka kujua kaka yangu ni mutu wa namna gani. Sasa nimejua. Ni mutu wa kutulia. Hana kelele. Hata ukimuuliza kitu mbele ya batu, hakusumbue na majibu. Anapenda mama yake sana, na miye simulaumu, mama ni mama. Maman Domitille, pole kwa ile simu ya saa sita. Hiyo sikuijua. Ningeijua, singeikata."

Maman aliinamisha kichwa. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona maman amekosa pa kutazama.

"Kwa hiyo kwa jina ya familia," alisema Joviale, "tunamutoa. Mumuchukue. Miye dada yake nimekubali."

Vigelegele. Maman Eulalie alipiga vigelegele mpaka jirani akaitikia kutoka nyumba ya pili. Tonton mkubwa akasema koko bwenene, koko bwenene, asante sana. Charlène aliinua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza, akaona kitu ambacho hakikumpendeza, akarudi kutazama mkeka. Binti huyo ana akili.

Mimi nilitaka kusema. Sasa nilitaka kweli. Nikasimama, nikasema, "Ngojeni kidogo," lakini vigelegele vilikuwa vingi, na Maman Eulalie alikuwa ameshamimina.

"Mwenyewe amesimama!" alisema. "Hakungoje hata kuitwa. Kikombe ni yako, mutoto wetu. Ukikunywa, imeisha, tunapanga siku ya ngombe za mahari."

Akaniwekea kikombe mkononi. Kasiksi ilijaa mpaka ukingoni. Wote wakasogea mbele kuniangalia.

Mjue nilichokuwa nimeshika. Nikinywa, nimeoa kwa Maman Eulalie, na kesho saa nane Papa Constantin atakaa sebuleni kwake Muhumba na soda zake akimngoja mtu ambaye hatafika. Nikirudisha kikombe bila kukigusa, maman ameaibika mbele ya watu wa Walungu, na habari hiyo itafika sokoni kabla yake. Hakuna mama wa sambaza atakayemwacha apite bila kumcheka.

Maman alinishika upindo wa shati.

"Kunywa, mutoto wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Usiniue mbele yao."

Nilimtafuta Joviale. Nilifikiri ameshatoka. Hakuwa ametoka. Alikuwa amesimama mlangoni, amelirudisha pazia nyuma mwanga wa jioni uingie, na ameinua iPhone mbele ya uso wake. Sikuona macho yake. Niliona simu tu.

"Joviale," nilisema.

"Tazama huku, kaka," alijibu. "Nabeba picha ya familia. Papa yangu naye atapenda kuiona. Ku tatu, unakunywa."

Maman Eulalie akajitengeneza kitambaa kichwani. Tonton wote wawili wakakaa wima. Charlène akaambiwa asogee karibu yangu, akasogea hatua moja.

"Moja," alisema Joviale.

Mkono wangu ukapanda wenyewe. Kikombe kikagusa mdomo.

"Mbili."

Itaendelea.